Barua kutoka Ng'ambo: Mwanafunzi wa Nchi za Mbali katika Maandishi ya Kiswahili

Kiswahili kina maneno matatu yatumikayo sana kwa mahali aendapo kijana kusoma akiisha kuvuka bahari, na yote matatu yamesimama katika pwani ya nyumbani. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Alitajaye neno hilo yuko upande huu. Watu wa Unguja walilitumia kwa mitaa iliyokuwa ng'ambo ya hori, nyuma ya Mji Mkongwe, mwendo mfupi kwa miguu, na hata leo mitaa hiyo huitwa hivyo ijapokuwa hori lenyewe limefukiwa. Ughaibuni, neno lililoenea baadaye, latokana na ghaibu, yaani hali ya kutokuwapo. Aliye ughaibuni ni mtu asiyeonekana na waliobaki. Majuu, neno la vijana wa mjini, latazama juu kutoka chini. Hakuna hata moja katika hayo lisemalo mtu huyo yuko wapi. Yote yasema kwamba hayuko hapa.

Jambo hili lisingekuwa na uzito lau lingekuwa la kamusi tu. Lakini msimamo huo huo wa kutazama kutoka nyumbani umeshika maandishi pia. Tangu siku za utawala wa kikoloni wasemaji wa Kiswahili wamekwenda kusoma London, Edinburgh, Cairo, Moscow, Leipzig, Madison, na siku hizi India na China. Wamerudi wakawa marais, mahakimu, waganga na walimu wa vyuo vikuu. Na wengi wao wameandika. Walakini mtu atakaye kusoma kwa Kiswahili jinsi mwanafunzi alivyoishi huko, yaani chumba chake cha kupanga, mhadhara asioweza kuufuata, ukurasa uliosomwa mara tatu bila kueleweka, mtihani ulioanguka, atapata kurasa chache mno. Atayapata mambo hayo kwa Kiingereza, na mara nyingine yameandikwa na watu ambao mama zao hawakuwa na lugha hiyo.

Ni desturi kusema kwamba sababu ni upungufu wa maneno. Hoja hiyo yafaa ikataliwe mapema ili isipoteze wakati. Lugha iliyoweza kueleza theluji ya Siberia zaidi ya miaka 100 iliyopita haiwezi kushindwa na maktaba ya chuo. Sababu iko katika namna za uandishi, wala si katika msamiati. Mwandishi wa Kiswahili aliyekuwa mbali alirithi namna mbili za kusema mambo ya mbali, habari na barua, na kila moja ina sheria zake. Habari haina nafasi ya mwanafunzi. Barua ina nafasi yake, bali humfunga mdomo.

Habari ndiyo iliyotangulia. Watu wa pwani wa kwanza kuandika kwa Kiswahili juu ya maisha ya Ulaya hawakuwa wanafunzi. Walikuwa walimu wa wanafunzi. Chuo cha Lugha za Mashariki kilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na kila mara kilimhitaji mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake, ili Wajerumani waliokuwa wakijiandaa kuja Afrika ya Mashariki wasikie matamshi na wazoee mazungumzo. Amur bin Nasur alifundisha huko tangu 1891 hata 1895, na habari zake mwenyewe, pamoja na maelezo ya mji wa Berlin, zimo katika mkusanyo wa Büttner uliochapishwa mwaka 1894. Baada yake alikwenda Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenye Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903. Na katika Safari za Wasuaheli, zilizokusanywa na Velten mwaka 1901, mna habari ya Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake wa Kijerumani mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia.

Msomaji wa leo akizifungua kurasa za Salim hushangazwa na utulivu wake. Hapana kulalamika, wala hapana kujivuna. Mji hutajwa, watu hutajwa, mavazi na vyakula vyao, namna ya baridi na namna ya kujikinga nayo. Akikuta Waislamu wa Kitatari, hueleza wanavyoishi. Kiswahili chake ni cha mtu azoeaye kuulizwa habari barazani na kujibu kwa taratibu. Na chombo kikubwa cha ufundi huo ni kiambishi kidogo, -ka-. Nikaondoka, nikafika, nikaona, wakatukaribisha, tukala, tukalala. Kila tendo hulizaa lifuatalo, na msikilizaji huvutwa mbele kama mashua yenye upepo wa matanga.

Hapana budi kukumbuka kwamba habari hizi ziliombwa. Velten alizitaka ziwe maandishi ya kusomea wanafunzi wake, na wapo waliozipuuza kwa sababu hiyo, wakisema kwamba si fasihi bali ni mazoezi ya darasani. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kuombwa kwake kwafundisha jambo kubwa: Kiswahili kiliandikwa Berlin kwa kuwa palikuwa na mtu Berlin aliyetaka kukisoma. Alipotoweka msomaji huyo, mwandishi naye alitoweka.

Namna hii ya habari haikufa kwa Wajerumani kuondoka. Mwaka 1931 Martin Kayamba alikwenda London pamoja na wenzake kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge iliyochunguza kuungana kwa nchi za Afrika ya Mashariki, na mwaka uliofuata kikachapishwa kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Jina la kitabu ni uhakiki wa kutosha wa namna yake. Vitenzi ni viwili, kuona na kufanya, na mtendaji ni wingi. Hapana tulivyojifunza, wala hapana nilivyokuwa. Kayamba alikuwa mtu wa akili na elimu, na kitabu chake kilifaa kazi yake. Alitumwa, akaona, akafanya, akarudi kuwaarifu waliomtuma. Lakini ndipo ulipo mpaka wa habari: huhitaji mtu apitaye. Anayekaa hana habari.

Maana masomo hayana -ka-. Baina ya mwezi wa Oktoba na mwezi wa Juni mwanafunzi hakufanya neno ila kuketi, na kuketi hakuzai kuketi kwingine kwa namna ya kuvutia. Maisha yake ni ya hu- na ya -ki-: huamka, husoma, husahau, alikuwa akisikiliza asielewe, akielewa neno moja, matatu yakimpita. Kiswahili kina vyombo hivyo vyote, navyo ni vizuri kuliko vya lugha nyingi, bali katika masimulizi ya kale vimewekwa pembeni kama mandhari tu, ili -ka- ipite katikati. Kumwandika mwanafunzi ni kuvileta katikati, na msimulizi wa habari hakufundishwa kufanya hivyo wala hakuwa na haja.

Walipoanza kuondoka wanafunzi wenyewe, hali ya mtu wa Berlin iliwarudia kwa sura nyingine. Jomo Kenyatta alikuwa London katika miaka ya 1930 akisoma elimu ya mila na jamii kwa Malinowski. Wakati huo huo alikuwa akitoa matamshi ya Kikuyu kwa Lilias Armstrong, ambaye kitabu chake juu ya fonetiki na toni za lugha hiyo kilitoka mwaka 1940. Mtu mmoja, asubuhi mwanafunzi na mchana kitu cha kusomwa. Wanaisimu wa Kiafrika waliopita vyuo vya Ulaya wanaijua hali hiyo, kwa kuwa ni wachache ambao hawakuombwa siku moja na mwalimu wao kurudia neno, tena polepole, tena mbele ya kinasa sauti. Kitabu cha Kenyatta mwenyewe, Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, kilizungumza nyumbani kwao kwa lugha ya London. Juu ya London hakikuzungumza.

Baada yake mlango ulipanuka. Mugo Gatheru, aliyesoma Marekani na Uingereza, alieleza safari yake ya elimu katika Child of Two Worlds mwaka 1964. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango alioupigania Tom Mboya iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani, na katika miaka iliyofuata wakaenda mamia. Miongoni mwa walioondoka mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma biolojia Kansas, naye alieleza miaka hiyo katika kumbukumbu zake za mwaka 2006. Vyote hivi ni vitabu vya Kiingereza. Julius Nyerere alikaa Edinburgh tangu 1949 hata 1952, na miongoni mwa masomo yake yalikuwamo maandishi ya Kiingereza. Waswahili wakaja kupata kwake Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Alichokisoma alikileta kwa Kiswahili kizuri mno. Kitabu cha kumbukumbu za Nyerere aliyekuwa akisoma hakukiacha.

Yamkini mtu aseme: hao hawakuandika kwa Kiswahili, basi yamekwisha. Sivyo. Waliandika kila mwezi. Waliandika barua.

Barua ndiyo fasihi ya kweli ya mwanafunzi wa ng'ambo, na ajabu ni kwamba wahakiki wameiacha kabisa, kana kwamba kitu kisichochapishwa hakikuandikwa. Wazee wa taaluma hii hawakufanya hivyo. Büttner alipochapisha maandishi ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu mwaka 1892, barua zilichukua mahali pa heshima. Barua ya Kiswahili ina sheria zake kama shairi lilivyo na mizani. Huanza kwa salamu, na salamu haziwezi kukatwa. Ndipo huja ama baada ya salamu. Ndipo mwandishi hueleza kwamba yeye ni mzima wa afya, na kwamba hofu na mashaka yako kwa huyo aandikiwaye, aliye mbali na upeo wa macho yake. Hapo hufuata madhumuni ya barua. Mwisho husalimiwa watu kwa majina, mmoja mmoja, kwa daraja zao, na aliyesahauliwa hakosi kujua.

Mwanafunzi wa Leipzig aliyemaliza mwaka mzima akijifunza Kijerumani kabla ya kuruhusiwa kuanza somo lake, asiye na hakika kama amekielewa, huandika kwamba ni mzima wa afya. Wala hasemi uongo, kwa kuwa hayo hayakuwa maelezo, ni salamu. Aulizwaye hujambo hujibu sijambo hata akiwa na homa. Ubaya ni kwamba fungu hilo ndilo pekee katika barua lililotengewa hali ya mwandishi, nalo limekwisha kujazwa kabla hajashika kalamu. Kama anataka kusema hali yake ilivyo, itambidi aitafutie mahali pengine, na barua haina mahali pengine.

Pana mlango mmoja, na hakika yafaa ukaguliwe. Kiswahili huruhusu kusema njema, ila. Habari za huko? Njema, ila tumefiwa na mjomba. Kwanza adabu hutimizwa, kisha neno dogo ila hufungua kiasi cha kupitisha msiba. Mwanafunzi aliutumia mlango huo, lakini kwa mambo ambayo jamaa waweza kuyapokea: ila baridi ni kali, ila fedha zimepungua, ila koti nililopewa limechakaa. Baridi na fedha ni shida za nje ya mtu, na mjomba aweza kuzihurumia. Kutoelewa ni shida iliyomo ndani, nayo haikupita.

Sababu yake ni jambo ambalo kila aliyekulia Afrika ya Mashariki alijua, ila huenda hakuliona kuwa ni jambo la fasihi. Barua kwa mama haikusomwa na mama. Mara nyingi ilisomwa kwa sauti na mtoto wa shule, aliyeitwa kutoka uani, mbele ya nyumba nzima na pengine jirani aliyekuja kuazima kinu. Karatasi ile nyembamba ya barua ya ndege, iliyoonekana kuwa ya siri kwa jinsi ilivyokunjwa na kubandikwa, ilikuwa tangazo. Na waliosikiliza walikuwa wenye haki: wapo waliotoa mchango wa nauli, wapo waliouza ng'ombe. Kila mmoja alikuja kusikia mali yake yaendeleaje. Basi mwandishi aliyajua hayo yote alipokuwa akiandika, naye akaandika kwa ajili ya ule uwanja. Lugha yake yaonyesha hivyo. Kiambishi kikuu cha barua ni -me-: nimefika, nimepokea, nimeanza, nimefaulu. Ni kiambishi cha mambo yaliyotimia, cha mtu atoaye hesabu.

Na yasipotimia? Hapo Kiswahili chamsaidia mtoto wake kwa namna ambayo lugha alizokuwa akizisoma haziwezi. Kinyume cha nimemaliza si sikumaliza, ni sijamaliza. Mwenye kuandika sikumaliza amefunga mlango. Mwenye kuandika sijamaliza ameuacha wazi, na aweza kuuacha wazi mwaka huu, na mwaka ujao, na miaka kumi. Hakudanganya hata siku moja. Wapo vijana waliokaa ndani ya silabi hiyo moja maisha yao yote, wakifanya kazi katika mahoteli na viwanda vya miji ambayo jamaa zao walidhani ni miji ya masomo, na barua zao zikazidi kuwa fupi, salamu zikibaki vile vile, hata ikawa salamu zimekutana na wasalaam bila kitu katikati. Mhakiki wa barua hizo akiangalia madhumuni yake hatapata neno. Akipima urefu wa fungu la katikati, mwaka kwa mwaka, atapata riwaya nzima.

Jambo la kutatiza ni kwamba barua hii ya Mswahili imeingia katika fasihi kubwa ya dunia, bali si kwa Kiswahili. Sayyida Salme binti Said, aliyetoka Unguja akaolewa Aden mwaka 1867, aliacha barua alizomwandikia rafiki wa nyumbani akieleza maisha yake ya Ujerumani. Ziliandikwa kwa Kijerumani. Hakuwa mwanafunzi wa chuo, ingawa ni wachache waliojifunza Ulaya kwa uchungu kama wake. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ameandika katika Gravel Heart ya mwaka 2017 kisa cha Salim, kijana aliyepelekwa London kusoma biashara, somo asilolipenda, naye akaandika barua kwa mama yake ambazo nyingine hakuzipeleka. Msomaji wa pwani aonapo barua hizo husikia ndani yake zile salamu. Yatambulikana kwamba Salim hangeweza kumwandikia mama yake kwa lugha nyingine isiyokuwa ile ya nyumbani. Kwa hiyo kitabu ni kama tafsiri ya maandishi yasiyokuwapo. Barua zisizopelekwa ndizo zenye ukweli. Gurnah amefahamu kwamba ile sheria ya barua huvunjika pale tu ambapo hakuna wa kuisoma uwanjani, na katika hilo ameifahamu fasihi ya Kiswahili kuliko wengi waiandikao.

Je, riwaya ya Kiswahili yenyewe imefanya nini? Imemleta msomi, lakini imempokea akiwa amekwisha kurudi. Na mara nyingi hakutoka mbali. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliyerudi Ukerewe. Ng'ambo yake ni Dar es Salaam, na imetosha kumfanya mgeni kwao. Kezilahabi aliona mapema kwamba umbali wa msomi haupimwi kwa maili. Katika riwaya hiyo hu- na -ki- zimeanza kupewa kazi ya maana: mtu aketi, afikiri, achoke na kufikiri. Lakini chumba cha masomo chenyewe kiko nyuma ya kisa, kama nchi ambayo mtu ametoka.

Adam Shafi, katika Mbali na Nyumbani ya mwaka 2013, ndiye aliyelikaribia jambo kwa miguu. Kitabu hiki cha maisha yake chasimulia kijana wa Unguja, siku za mwisho za ukoloni, anayeshika njia kupitia Afrika ya Mashariki, Sudan na Misri, nia yake kufika Ulaya akasome. Shafi ni msimulizi wa -ka- asiye na kifani katika kizazi chake. Mipaka, magari, maafisa, wenzi wa njiani, njaa na ukarimu, vyote vinapita kwa wepesi wa Salim bin Abakari na kwa uchangamfu zaidi. Wapo waliokisifu kwa sababu ya ujasiri wa kijana huyo, na sifa ni haki. Lakini nguvu ya kitabu ni njia. Elimu ni taa iliyo mbele, inayomfanya mtu atembee. Na jina la kitabu, kama yale maneno matatu ya mwanzo, lapima kila kitu kwa umbali wa kutoka nyumbani. Hii si lawama kwa mwandishi aliyetimiza alilolikusudia. Ni kuonyesha kwamba hata fundi wa daraja hiyo, akiisha kupewa habari, ataifuata habari inakokwenda.

Basi amebaki Kezilahabi mara ya pili. Mwaka 1985 alimaliza Madison, Wisconsin, tasnifu yake ya Kiingereza juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Baada ya hapo zikatoka Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba vilivyowashtua waliozoea riwaya zake za kwanza. Hamna Ukerewe wala Dar es Salaam. Hamna mji ujulikanao kwa ramani. Mtu atembea katika magofu akitafuta asichoweza kukitaja, na maswali aulizwayo ni ya kuwapo na kutokuwapo. Wengi wameeleza vitabu hivi kwa majina ya wanafalsafa wa Ulaya, na huenda wakawa na haki. Lakini lililo kubwa ni la lugha. Sentensi ni fupi, maneno ni ya kila siku, hapana msamiati wa kubuniwa kwa kamati. Na kwa maneno hayo ya sokoni na ya shambani yamefikirika mambo ambayo mwandishi huyo huyo aliyatolea hoja kwa lugha ya chuo chake. Aliyedai kwamba elimu ya ng'ambo haiwezi kusemwa kwa Kiswahili amekwisha kujibiwa. Kezilahabi alileta nyumbani kile alichokifikiri. Yule aliyekuwa akifikiri, katika nchi ya theluji, pamoja na chumba chake na umri wake, hayumo. Katika Nagona na Mzingile fikira hazina mwenyewe.

Hapo yafaa kusikiliza utetezi wenye nguvu zaidi, usemao kwamba ukimya huu si udhaifu wa namna za uandishi hata kidogo, ni sitara. Mtu wa heshima hatandazi kukosa kwake mbele za watu; na fasihi ya Kiswahili, yenye historia ndefu ya mafumbo, imejua siku zote kusema kwa kufunika. Neno hili ni la kweli, na msomaji wa Kizungu atakaye maungamo katika kila kitabu hana haki ya kuyadai kwa watu ambao hawakuzoea kuungama mbele ya umma. Walakini sitara ni ya kumhifadhi mtu na aibu. Kutoelewa mhadhara si aibu. Ni kazi ya kila mwanafunzi wa dunia, na Mwingereza huianza na lugha yake mkononi, hali mwana wa Tanga au Mombasa huianza na lugha ya tatu. Ikiwa kila aliyetangulia amefunika, afuataye hufika akidhani kwamba ni yeye peke yake asiyeelewa; kisha naye hufunika.

Lugha yenyewe, kwa upande wake, haikufunika. Neno lililochaguliwa kwa shahada ya juu kabisa ni uzamivu, nalo latoka katika kuzama. Msomi ni kama mpiga mbizi ashukaye chini ya maji, na juu haonekani. Ni jina zuri, na huenda waliolichagua walikuwa na lulu mawazoni. Lakini vijana wa bandarini wana neno lao kutoka shina hilo hilo. Kwao kuzamia ni kujificha ndani ya meli bila nauli wala hati ili kufika ng'ambo, na mzamiaji ni mtu huyo; hata aingiaye arusini bila kualikwa husemwa kwamba amezamia. Kamati ya istilahi haikukusudia ukaribu huo. Hata hivyo mwenye shahada ya uzamivu aliyewahi kuketi katika ukumbi wa chuo cha mbali, akingojea wakati wowote aulizwe amefikaje pale, hatahitaji kufafanuliwa maana ya pili.

Kuna kazi moja ya kufanywa, nayo ni ya taasisi zichunguzazo lugha kabla ya kuwa ya watunga riwaya. Barua zile bado zipo. Zimo katika masanduku ya bati chini ya vitanda, katika mifuko ya makoti ya marehemu, zimefungwa kwa uzi pamoja na risiti za mnada wa ng'ombe na picha ya kijana mwenye kanzu ya kuhitimu iliyokodishwa. Mchwa hawabagui karatasi nyembamba. Miswada ya tenzi ilikusanywa nyumba kwa nyumba katika Lamu, Pemba na Tanga na watu walioonekana kuwa na wazimu kidogo, na kwa sababu yao leo tenzi hizo zasomwa. Kwa barua itabidi idhini ya wenyewe na warithi, na majina kufichwa pale yanapostahili kufichwa. Itabidi pia kunakili zote mbili, iliyotoka ng'ambo na jibu lililokwenda, maana mama aliyemwambia mtoto wa shule aandike, naye akiwa ameketi kwenye mkeka, pengine aliweka neno baada ya ila ambalo mwanawe hakuthubutu kuliweka. Na mkusanyaji akikuta karatasi ya pili iliyokunjwa ndani ya ile ya kwanza, yenye jina la kaka au la rafiki, isiyo na salamu, aanze na hiyo.